Kabla hujatuma hela ya RAM Kariakoo, cheki kwanza swapu

Huku Mtwara mtu laptopu yake ikianza kuganda, akili inaenda moja kwa moja kwenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi. Anaingia dukani, hajakaa hata kwenye benchi, "fundi niongezee RAM", na mi namwelewa maana ndo ushauri anaoupata kila kona, kwa shemeji yake, kwa dogo wa chuo, kwa yule jamaa wa YouTube mwenye kelele nyingi. Shida ni kwamba laptopu nyingi zilizopo mikononi mwa watu huku ni za zamani, zinataka DDR3, RAM ya aina ya zamani, na hiyo hapa mjini ni ya kubahatisha. Kwaiyo unampigia mtu wa Kariakoo, unatuma hela, anaipakia kwenye basi, inakuja zaidi ya kilomita 500, alafu unafungua mfuniko wa chini unakuta RAM ya mashine imechomelewa kwenye bodi, sloti hamna. Nshaona mtu kijiti anacho mfukoni, kalipia kabisa, na pa kukichomeka hapapo.

Ndo maana siku hizi mashine ya Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, ikija mezani kwangu inalalamikiwa kuganda, cha kwanza naangalia swapu, yaani ile sehemu ya diski inayopokea vitu RAM ikijaa. Na niseme mapema kabisa watu wasije wakanidai: swapu haiongezi spidi. Anayekwambia ukiweka swapu ya giga 8 laptopu yako ya RAM 4 inakuwa kama ya RAM 12, huyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kazi ya swapu ni kuipa mashine pa kupumulia RAM ikijaa, ili isikuulie kazi ambayo hujaisevu. Hiyo tu, na hiyo siyo ndogo.

Mashine za Linux zimekuwa nyingi ghafla, mtajua wenyewe kwa nini. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za karibuni, sasa laptopu ya mtumba aliyokuachia kaka yako haimo kwenye hiyo orodha. Mafundi wengi wakaanza kuwawekea watu Linux za kina Mint, Ubuntu, Debian. Jambo jema sana, mi naliunga mkono, ila wengine wanainstoli haraka haraka wanagawa diski kwa mkono na swapu hawaweki, Debian inawauliza kabisa, jamani hamjachagua pa kuweka swapu mna uhakika, wanabonyeza endelea.

Mashine moja ya hivo ililetwa na katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya upande wa Tandahimba, msimu wa korosho umepamba moto, mtu mzima, mstaarabu, laptopu kaifunga kwenye kanga vumbi lisiingie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine ina mzimu, inajifungia yenyewe."

"Inajifungaje?"

"Naandika hapa kilo za wakulima na makato yao, pembeni nimefungua mtandao, mara karatasi lote pwaa, halipo. Hamna samahani wala nini. Kijana wangu anasema virusi."

Nikamwambia mzee kaa hapo tumuulize mwenyewe. Linux ina uzuri mmoja, ikikufanyia kitu inaandika. Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

journalctl -k | grep -i "out of memory"

Ikaja mistari imepangana, na mmoja ulikuwa hivi, nimekata mkia wake maana ni mrefu:

Out of memory: Killed process 2314 (soffice.bin)

Mzimu wenyewe ndo huo. Hiyo soffice.bin ni LibreOffice, ndo programu aliyokuwa anaandikia. RAM ilijaa, swapu hamna, kerneli, yaani kiini chenyewe cha Linux, ikatafuta nani anakula sana ikamkuta LibreOffice na daftari la wakulima wote wa chama, ikamkata. Hii kitu inaitwa OOM killer, na haina ubaguzi wala huruma, inapiga hesabu ya kila programu iliyo hewani, yenye alama kubwa inaondoka. Mara nyingine inaondoka braoza, watu wanasema Firefox ni mbovu, kumbe Firefox imeuawa. LibreOffice ukiifungua tena inakurudishia faili la dakika kadhaa nyuma, lakini zile kilo ulizoingiza mwishoni zimeenda na maji, na kwenye hesabu za wakulima usipojua ni mstari gani umepotea hiyo ni kesi ya kujibu kwenye mkutano.

Sasa kinachotokea ndani ni hiki, na hapa nitakaa kidogo maana wengi wanaruka. Chukulia RAM ni chumba cha AMCOS kule kijijini na diski ni ghala kuu mjini. Magunia yakizidi chumbani unapakia yale ambayo hayaguswi leo kwenye Fuso unayapeleka ghalani, yakihitajika unayaagiza, yanarudi, lakini lazima usubiri Fuso. Chumba kikijaa na ghala hulijui lilipo, hapo ndo mkulima wa mwisho anaambiwa rudi na mzigo wako.

Kerneli inagawa RAM vipande vidogo vidogo vya kilobaiti 4. Vipande vipo vya aina mbili kubwa. Kuna vile ambavyo asili yake ni faili lililopo kwenye diski, mfano programu yenyewe ya Firefox, fonti, maktaba za mfumo, hivi kerneli ikibanwa inavitupa tu, si vipo kwenye diski, ikivitaka itavisoma upya. Na kuna vile ambavyo programu imevitengeneza yenyewe wakati inafanya kazi, zile kilo ulizoandika, ukurasa wa mtandao ulioufungua, picha uliyoikuza kwenye GIMP. Hivi vya pili havina nyumba kwenye diski. Nyumba yao ni swapu. Kama swapu hamna, vitabaki kwenye RAM hata kama hujavigusa tangu asubuhi, na RAM ikibanwa kerneli haina cha kutupa isipokuwa vile vya kwanza.

Na hapo ndo unaielewa ile tabia inayowachanganya watu. Mashine haina swapu lakini taa ya diski inawaka bila kupumzika, mausi inaruka ruka, ukibonyeza kitu kinajibu baada ya kunywa chai. Mtu anakwambia "sasa mbona inasoma diski na swapu sijaweka?" Inasoma kwa sababu inatupa vipande vya programu zenyewe, sekunde inayofuata inavihitaji inavisoma tena, inavitupa, inavisoma. Kuacha kuweka swapu hakukuokoi na diski, kunakufanya uteseke na diski alafu mwishoni uuliwe programu vilevile. Wale wanaojisifu "mi nimezima swapu mashine ipo chapu" waulizeni wana RAM kiasi gani, mtakuta giga 16 huko, hao hata wakizima hawajui kama wamezima.

Akili yenyewe hii ni ya zamani kuliko wengi wetu. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno elfu 16 tu na ngoma ya sumaku ya maneno elfu 96, na wakaiunganisha programu ione kama ni kumbukumbu moja kubwa, vipande vinaenda na kurudi vyenyewe. Tunachofanya sisi leo na laptopu ya mtumba pale Chikongola ni kilekile.

Haya, tuje kwenye kuiweka. Kwanza tazama ulichonacho:

free -h
swapon --show

Kwenye free usiangalie safu ya free, utajitia presha bure, Linux inaijaza RAM na kashe ya mafaili makusudi. Angalia available, hiyo ndo nafasi ambayo programu mpya inaweza kupata. Alafu mstari wa chini wa Swap, kama ni 0B kote na swapon haijajibu kitu, huna.

Zamani swapu ilikuwa lazima uikatie pande lake la diski wakati wa kuinstoli, na ukikosea ukubwa ndo basi. Siku hizi faili la kawaida linatosha, Ubuntu wenyewe tangu toleo la 17.04 wanaweka faili, na utofauti wa spidi usikusumbue. Mi napenda faili kwa sababu nikitaka kulikuza au kulifuta simgusi mtu picha zake za harusi. Kwa diski yenye ext4, ule mpangilio wa mafaili wa Linux ambao ndo wengi wenu mnao, ni hivi, moja baada ya nyingine:

sudo fallocate -l 4G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Ya kwanza inatenga giga 4. Ya pili watu wanaiona kama pambo, wanairuka, na ni ya muhimu: kinachoenda kwenye swapu ni vipande vya kumbukumbu vya kila programu, na humo ndani panaweza kuwa na pasiwedi, meseji, namba ya akaunti ya mkulima. Faili likiwa wazi, mtumiaji mwingine wa hiyo mashine anaweza kulisoma. 600 maana yake ni mwenye mashine mkuu peke yake. Ukisahau, mkswap yenyewe inakuonya kwamba ruhusa siyo salama. Ya tatu inaliandika faili alama ya kwamba hili ni swapu, na itakujibu kitu kama size = 4 GiB (4294963200 bytes), ukipiga hesabu utaona pungufu la baiti 4096 kwenye giga 4 kamili, hizo kaziweka pembeni kwa ajili ya kichwa cha faili. Ya nne inaiwasha. Hapo hapo, bila kuzima mashine, rudia free -h uone.

Ikikugomea kwamba faili lina matundu, yaani swapon inasema it appears to have holes, lifute ulitengeneze kwa dd ambayo inaandika sifuri za kweli toka mwanzo hadi mwisho, kisha urudie zile amri tatu za chmod, mkswap na swapon:

sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096 status=progress

Kwenye hadidiski ya zamani hii inachukua muda, kachukue maji. Na kama diski yako ni Btrfs, mpangilio mwingine wa mafaili, usifuate njia hizo mbili kienyeji, Btrfs ilikubali faili la swapu kuanzia kerneli 5.0 na inataka faili lisiwe na copy-on-write (kuandika kopi mpya pembeni kila linapobadilika) wala kubanwa, kwaiyo tumia amri yake yenyewe, sudo btrfs filesystem mkswapfile --size 4g /swapfile, kama vifaa vyako vya Btrfs ni toleo la 6.1 kuendelea. Inakumalizia na ruhusa na alama, unabaki na kuiwasha tu.

Sasa hapa ndo kazi ya wengi inaishia, na hapa ndo tatizo linarudi. Swapon ni ya mpaka mashine izimwe. Na laptopu za huku betri zimekufa, zinaishi kwa waya, umeme ukikatika sekunde mbili mashine imezima na swapu yako imeondoka nayo, mteja anarudi baada ya wiki anasema fundi hujafanya kitu. Kwaiyo lazima uiandike kwenye /etc/fstab, faili ambalo mashine inalisoma ikiwaka ijue diski na swapu zake zipo wapi:

echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab

Hiyo -a ya tee iangalieni vizuri jamani. Ukiandika tee bila -a unafuta fstab nzima, unabakiwa na mstari wa swapu peke yake, na mashine itakapowaka tena utakuwa na mambo mengine kabisa ya kushughulikia. Asiyejiamini afungue kwa nano aongeze mstari kwa mkono, hamna aibu. Ukishaandika, usisubiri umeme ukujaribie. Jaribu mwenyewe:

sudo swapoff -a
sudo swapon -a

Ya pili inasoma kutoka fstab, ikiwaka basi hata mashine ikizima itawaka.

Na kama ni swapu ya pande la diski, siyo faili, kuna ugonjwa mmoja naukuta sana kwa vijana wa chuo wanaopenda kuweka Linux mbili kwenye laptopu moja. Ile ya pili ikiinstoliwa inalifomati pande la swapu upya, UUID (namba ya utambulisho wa hilo pande) inabadilika, ile Linux ya kwanza ikiwaka inaitafuta UUID ya zamani haipo, inakaa dakika moja na nusu imekodoa macho na maandishi ya start job is running, kisha inaendelea. Dogo anasema laptopu imekuwa nzito kuwaka. Andika blkid, chukua UUID mpya, weka kwenye fstab, imeisha.

Ukubwa sasa. Kuna ile sheria ya swapu iwe mara mbili ya RAM, bado mafundi wanaifundishana, ni ya enzi RAM ni megabaiti 64. Ukiwa na giga 16 utaweka 32 za nini? Mi naenda hivi: RAM 2 au 4 naweka 4, RAM 8 naweka 2 mpaka 4, ya zaidi ya hapo naweka 2 ya heshima tu. Tena swapu kubwa kupita kiasi kwenye hadidiski ina ubaya wake, programu yenye kichaa inakula kumbukumbu, badala ya kukatwa mapema inaijaza swapu yote taratibu, na wewe umekaa nusu saa unaangalia mausi.

Isipokuwa unataka kuilaza mashine kabisa, ile ya kuzima umeme na ukiwasha unakuta madirisha yako yote kama ulivyoyaacha. Hiyo RAM nzima inaandikwa kwenye swapu, kwaiyo swapu iwe angalau sawa na RAM, na ukitumia faili inabidi uiambie kerneli faili linaanzia wapi kwenye diski, unalipata kwa filefrag -v, unaliweka kama resume_offset kwenye mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux. Secure Boot, ule ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa Ubuntu nayo inakataa. Kwa mtu anayetaka kuchapa barua ya maombi ya kazi mi namwambia achana nayo, sevu kazi yako zima mashine.

Kitu kingine kinachopotoshwa ni swappiness. Namba ya kawaida ni 60, na kuna imani imeenea kwamba maana yake swapu inaanza RAM ikifika asilimia 40. Siyo. Ni kama mizani tu, unaiambia kerneli ukibanwa, gharama ya kutoa vipande vya programu kwenda swapu uione vipi ukilinganisha na gharama ya kutupa kashe ya mafaili na kuisoma upya. Namba ikiwa 100 gharama zinahesabiwa sawa, chini ya hapo inaionea huruma swapu, na tangu kerneli 5.8 unaweza kupanda mpaka 200. Kwenye hadidiski wengi wanashusha iwe 10, mi sikatazi, lakini ukishusha sana unarudi kwenye ule ugonjwa wa kutupa programu na kuzisoma. Naiacha 60 au naiweka 30 nikiona mtu anafungua vitu vingi. Ukitaka kubadili ikae:

echo 'vm.swappiness=30' | sudo tee /etc/sysctl.d/99-swapu.conf
sudo sysctl --system

Hapa tee haina -a maana faili ni jipya, la kwako.

Ila tusidanganyane kuhusu diski. RAM inajibu ndani ya nanosekunde kama mia hivi, SSD, diski isiyo na kinachozunguka, inajibu kwenye sehemu ya kumi ya milisekunde, hadidiski ya mizunguko 5400 kichwa lazima kitembee, milisekunde 10 na kuzidi. Yaani kutoka RAM kwenda hadidiski unaongelea mara laki moja. Ndo maana nasema swapu siyo spidi. Mtu akiwa na hela ya kufanya kitu kimoja tu, na RAM yake imechomelewa, namshauri anunue SSD ndogo, ataona utofauti kwenye kila kitu na swapu nayo itavumilika. Wanaoogopa kwamba swapu inaua SSD, kwa matumizi ya ofisi au shule diski itazeeka na laptopu yenyewe ikiwa imeshachoka. Fleshi na memori kadi hizo ndo usiwekee swapu, zitakufa kweli na zitakufa polepole mchana kweupe.

(Na pembeni: hapa tuko ufukweni, chumvi inakula. Mashine ya Shangani au Mikindani ikianza kuzingua RAM, kabla ya yote ichomoe, safisha meno yake ya dhahabu na raba ya penseli, rudisha. Mara nyingine free inaonyesha giga 4 na mwenyewe anaapa alinunua 8, na zote mbili ni kweli.)

Kuna njia ya katikati ambayo mi ndo naipenda kuliko zote kwa mashine za hadidiski, inaitwa zram. Badala ya kupeleka vipande kwenye diski, kerneli inavibana na kuviacha humohumo ndani ya RAM, kwa kawaida vinabaki nusu au theluthi ya ukubwa wake. Prosesa inafanya kazi kidogo zaidi lakini kubana na kubanua ni haraka mno ukilinganisha na kusubiri hadidiski. Fedora wanaiweka wenyewe tangu toleo la 33, mwaka 2020. Kwenye Debian na Ubuntu:

sudo apt install zram-tools

Unafungua /etc/default/zramswap, unatoa alama ya reli (#) kwenye mistari ya ALGO na PERCENT, unaweka ALGO=zstd na PERCENT=50, unasevu, kisha sudo systemctl restart zramswap. Ukirudia swapon --show utaona mbili, /dev/zram0 yenye kipaumbele 100 na faili lako lenye namba hasi, maana yake ya kubanwa inajazwa kwanza, diski inaguswa pale tu imeshindikana. Ya yule mzee niliweka zote mbili, zram na faili la giga 4, na pale pale nikamfungulia daftari lake na mtandao pembeni na kalkuleta na kila kitu, RAM ikajaa, zram ikapanda, karatasi likabaki. Akaniuliza "sasa umeongeza nini ndani?" nikamwambia mzee sijaongeza hata skrubu, akanitazama kama nimemficha bei.

Na simu yako ya Android unayosomea hapa ina zram pia, ndo inavyobeba WhatsApp na mengine kwenye RAM ndogo. Ile bango kwenye maduka ya simu, RAM 4+4, ile plasi nne ya pili ni swapu, kipande cha storeji ya simu kimegeuzwa. Haina ubaya, lakini usilipie kama RAM 8.

Watu wa Windows nanyi mnayo, ni pagefile.sys, imejificha kwenye C. Wapo wanaofuata video za "ongeza spidi ya PC" wanaizima, alafu programu zinaanza kulalamika hazina kumbukumbu. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda mpaka kwenye Virtual memory, rudisha tiki ya juu kabisa ya kuiacha Windows ijipangie. Mi sijawahi kuona faida ya kuipangia kwa mkono kwenye mashine ya mtu wa kawaida.

Swali linalofuata huwa ni "fundi naona swapu imetumika mega 700, ni mbaya?" Siyo mbaya hata kidogo, ni vitu vilivyolala vimepelekwa pembeni, ndo kazi yake. Ubaya unauona kwa vmstat:

vmstat 1

Inatoa mstari kila sekunde. Tazama safu mbili, si na so, inayorudi kutoka swapu na inayokwenda. Zikiwa sifuri sifuri zinaruka mara moja moja, uko salama. Zikiwa namba kubwa mfululizo na hazishuki, vipande vinaenda na kurudi bila kutulia, mashine imezidiwa kikweli, na hapo hata uweke swapu ya giga 20 haitasaidia, funga baadhi ya kurasa au sasa ndo mpigie huyo mtu wa Kariakoo, lakini kwanza andika sudo dmidecode -t memory ujue ni DDR ya ngapi na sloti zipo ngapi, alafu fungua mfuniko uhakikishe kwa macho.

Ukitaka kuikuza swapu au kuiondoa, zima kwanza kwa sudo swapoff /swapfile, na ujue kwamba vilivyomo vyote vinarudi kwenye RAM hapo hapo, kwaiyo funga programu kubwa kabla, vinginevyo itakaa sana au itakataa. Ukishazima, futa faili kwa sudo rm /swapfile, na kama unaiondoa moja kwa moja futa na ule mstari kwenye fstab. Kama ulikuwa unaikuza, unaanza upya pale juu kwenye fallocate na namba kubwa zaidi, na mstari wa fstab unauacha ulivyo.